Macho ya Bwana Ndevu

Kisauni,
3 Juni 1996

Kwa mume wangu mdogo, Badi,

Asalaam aleikum. Natumai hujambo, na hiyo kazi yako ya kompyuta huko Likoni nayo haijambo. Mimi mkeo sijambo, ila goti, na goti halina habari mpya.

Ngala wa duka la vitabu amekubali kuichapa hadithi yangu ya Bwana Ndevu, ile niliyowalaza nayo nyote mlipokuwa wadogo. Anataka picha ya jalada. Nimemwambia mjukuu wangu ni mchoraji, basi usiniaibishe. Bwana Ndevu unamjua: beberu jeuri, mwenye kujiona, aliyemwacha mkewe kwenye mvua akavuka maji kufuata majani ya ng'ambo. Nataka mtoto akimtazama tu ajue huyu si wa kuaminika.

Na usinijazie barua habari za babu yako. Najua unakaa kwake Timbwani kwa ajili ya kazi. Lakini siku alipooa mke wa pili akahamia huko ng'ambo ya maji, hakunipa talaka wala mimi sikuidai, na tangu siku hiyo sina swali juu yake. Huyo mke mwenyewe Mungu amrehemu, ila mimi bado simo.

Mkeo wa kwanza,
Bibi Salme


Timbwani,
15 Juni 1996

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti pole. Mimi mzima, ila kichwa kinaniuma kwa ajili ya mbuzi wako.

Najaribu mtindo mpya. Badala ya kupaka rangi zote kwenye karatasi moja, kompyuta inanipa matabaka, ni kama vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kioo cha chini nachora umbo, cha pili rangi, cha tatu manyoya, unywele mmoja mmoja. Nikikosea pembe nafuta pembe tu, mbuzi anabaki salama. Hivyo ndivyo kitabu cha maelezo kinavyosema. Kisichosema ni kwamba stima ya Likoni ikipotea, kompyuta inazimika, pembe na mbuzi vyote vinakwenda. Imepotea mara mbili. Tajiri wangu alidhani nimefiwa.

Picha ya kwanza hiyo hapo, imekunjwa ndani ya bahasha.

Bibi, najua umekataza, lakini Babu Nassor hajiwezi. Kifua kimembana, msikitini haendi tena. Anaomba radhi yako kabla hajaondoka duniani. Mimi nimetumwa tu.

Mumeo mtiifu,
Badi


Kisauni,
24 Juni 1996

Kwa Badi,

Wa aleikum salaam. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila umeniudhi.

Manyoya nimeyapenda. Pembe nzuri, ndevu hizo wallahi ni ndevu. Lakini macho ni macho gani hayo? Nimekuagiza beberu jeuri, wewe umeniletea beberu anayenitazama kama mtu aliyebisha hodi hakuitikiwa. Mtoto akimwona huyu atamwonea huruma, na hadithi yangu yote itakuwa imeharibika! Umesema ukikosea kitu unafuta hicho kitu tu. Basi futa macho, weka mengine. Si kazi ya kumshinda mtu mwenye mashine.

Na hilo la pili. Radhi si pilipili, kwamba jirani akiishiwa anatuma mtoto kuazima. Nilikaa na mama yako angali mtoto na nyumba inayovuja, na hakuna aliyetumwa kuniuliza kama nimelala. Ukimtaja tena naichana barua.

Bibi yako


Timbwani,
8 Julai 1996

Shikamoo Bibi,

Natumai goti limepoa. Mimi si mzima hata kidogo. Macho nimeyafuta mara nne, na kila ninayoyaweka yanakuwa kama vifungo vya kanzu. Nimechoka, na nimechoka zaidi kukuficha. Afadhali uijue kweli ukasirike mara moja.

Mtindo huu unataka picha halisi chini, kisha unapaka juu yake. Nilianza na mbuzi wa jirani, nikaenda na kamera ya tajiri, akakataa kusimama, mwisho akala mkanda wa kamera. Picha iliyokuwa karibu ilikuwa ya Babu, niliyompiga Mei akiota jua kibarazani. Nikaiingiza kwenye kompyuta. Pembe nikazichora, masikio nikayavuta, pua nikaipanua. Ndevu alikuwa nazo mwenyewe. Macho sikuyagusa, Bibi. Ni yake. Nikiliondoa tabaka la chini, mbuzi anabaki na matundu mawili.

Sikukusudia kukudhihaki, wala kumdhihaki yeye. Nisamehe. Na sasa umenilazimisha kumtaja, kwa hiyo ukiichana barua hii ichane, mradi umeisoma.

Mjukuu wako,
Badi


Timbwani,
2 Agosti 1996

Bibi,

Shikamoo. Kama unaumwa niambie. Kama umenuna, niambie pia, maana kunyamaza kwako kunanitesa kuliko matusi. Ngala anataka jalada wiki ijayo, la sivyo atachapa kitabu cha mtu mwingine.

Nimekuchorea beberu mpya, sikutumia picha ya mtu. Jicho kali, mdomo umepinda, jeuri mpaka kwenye kwato. Chagua mmoja.

Babu sasa anakunywa uji tu. Nilimwonyesha yule beberu wa kwanza nikitegemea kofi. Alitazama muda mrefu, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Akasema, "Hadithi hiyo naijua. Mwambie pembe ziwe ndefu zaidi, ni haki yangu."

Badi


Kisauni,
5 Agosti 1996

Kwa mume wangu mdogo,

Asalaam aleikum. Siumwi, na sikununa. Nilikuwa nakasirika, na kukasirika kunataka nafasi.

Huyo beberu wako wa pili mrudishe ulikomtoa. Hatishi, anachekesha. Mpe Ngala yule wa kwanza.

Nilipoisoma barua yako ya Julai niliifunika ile picha kwa kawa nikasema nitaichoma. Kila nikitaka kuichoma, naifunua kwanza nimtazame. Badi, mimi miaka yote hii namkasirikia mwanamume aliyenyooka, mwenye kifua, anayepita na kanzu imepigwa pasi. Huyo ndiye ninayemtukana nikiosha vyombo. Kumbe mwenyewe hayupo! Huyu mzee uliyemweka chini ya manyoya simjui. Nani alimpa ruhusa ya kuzeeka mimi sioni? Wallahi nimelia kwa hasira, si kwa jingine.

Radhi haitumwi kwa barua. Keshokutwa Jumatano navuka. Wewe njoo Kisauni ulale nyumbani kwangu, kuku hawawezi kukaa peke yao. Na mwambie asijaribu kufa kabla sijafika, maana maneno yangu ni mengi na nimeyaweka siku nyingi.

Bibi Salme


Timbwani,
29 Agosti 1996

Kwa Badi,

Asalaam aleikum. Hujambo? Kuku hawajambo? Yule mweupe usimwache atage kwenye kitanda changu.

Kitabu Ngala amenionyesha. Jalada limetoka vizuri, hata yeye amesema hajaona mbuzi mwenye mawazo kama huyo.

Nyumba ya babu yako ni chafu, sijui mlikuwa mnaishi vipi. Uji wa kwenu ulikuwa maji na chumvi. Nimempikia wa mtama, anakunywa kikombe kizima na jana alidai cha pili. Ananichosha. Mto haukukaa sawa, dirisha lifunguliwe, dirisha lifungwe. Maneno yangu nimemwambia nusu, na nusu ile nyingine yeye mwenyewe amenikumbusha.

Unaniuliza kama nimempa radhi. Kila asubuhi nikimletea uji ananiuliza, "Salme, leo umenisamehe?" Namjibu, "Kesho." Anajifunika shuka, anangojea kesho.

Daktari alisema hataumaliza mwezi, na mwezi unakwisha. Kwa hiyo wewe usinihimize. Nilimsamehe siku ile ile nilipoingia mlangoni, lakini nikimwambia atakwenda zake, na safari hii sijawa tayari kuachwa.

Mkeo wa kwanza, na mke wa babu yako,
Salme