Bibi Yako Ana Uso

Mpendwa mwanangu Neema,

Natumaini barua hii itakukuta umeshakula, maana ukiisoma na njaa utasema mama anagomba tu. Na kweli nagomba. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu, nikifika penye uchungu, unasema, "Mama, mtandao unakata." Karatasi haikatiki.

Jumapili nikitoka misa ya kwanza nilikuta umetuma picha kwenye kundi la familia. Ukaandika kwamba mwalimu ameisifu mbele ya darasa, na sasa imetundikwa ukutani hapo chuoni kwenu Dar. Shangazi zako wakakujazia makofi. Mimi nilikaa kwenye ngazi za kanisa nikaivuta kwa vidole viwili, nikaivuta tena. Mlango wa nyumba yetu ya Kabungu niliuona. Uwanja unaowaka jua niliuona, mpaka kuku. Mama yangu sikumwona. Niliona mtu mweusi tii, kama aliyekatwa kwa mkasi.

Picha ni nzuri, sikatai. Hata mimi nisiyejua naona ule mlango ulivyokaa, na nje kulivyong'aa. Lakini ungeweza kumsimamisha mtu yeyote pale. Ungesimamisha gunia la mahindi, mwalimu angesifu vilevile.

Unakumbuka likizo ile ulivyokuja na kamera ya chuo, umeifungia kwenye kitenge kama mtoto mchanga? Ulinifundisha, mwanangu, nami nilisikiliza. Ulisema kamera ni jicho: kwenye jua unalibana, gizani unalifungua. Siku ya ubatizo wa mtoto wa jirani hapa Makanyagio ulinishikisha sinia la bati nirudishe jua usoni kwa mama wa mtoto. "Shusha kidogo, mama. Hapohapo, usitikisike." Jirani akasema, "Mama Neema, siku hizi umekuwa sola?" Mikono iliniuma mpaka jioni, lakini nilijisikia mtu. Na tukiwa tunarudi nyumbani ukaniambia neno ambalo sijalisahau. Ulisema sisi wenye ngozi nyeusi lazima mwanga upimwe usoni. Mpiga picha akipima angani, anatupoteza.

Maneno yako hayo. Kwa hiyo usiniambie hukujua.

Wiki ileile tukaenda Kabungu kwa sababu Bibi yako aliagiza. Alitaka picha moja tu ya maana kabla Mungu hajamwita, na alisema hivyo bila kuogopa. Ulimkuta ameshaoga, amevaa gauni la bluu la kanisani, rozari shingoni, na viatu vya kamba alivyovipaka mafuta ya kula ving'ae. Alikuwa ameshaweka kiti chake uwanjani, mikono ameiweka magotini, anakusubiri.

"Unipige mzima," akakuambia, "mpaka viatu. Nyie wa siku hizi mnakata watu vipande vipande."

Ukamnyanyua kwenye kiti. Ukasema katikati hapapendezi, picha inagawanywa mara tatu na mtu anakaa pembeni. Ukampeleka mlangoni, wewe ukaingia ndani.

"Bibi, tazama nje. Usinitazame mimi."

"Nisikutazame? Kwani tumegombana?"

Tulicheka wote. Mjomba wako akatoa simu yake, akasema na yeye apige moja. Nikamkemea mimi, kwa mdomo wangu huu: "Weka hicho kisimu, mwenye kazi yake yupo." Mama yangu naye akaniunga mkono, akasema kisimu cha mjomba kinamtoa kama mtu aliyemwagiwa maji. Mjomba akakirudisha mfukoni. Hilo kosa ni langu, na nimeshalipeleka kitubioni. Padre aliniuliza dhambi iko wapi hapo.

Halafu likizo ikaisha, ukaondoka na picha yako, na kila nilipokuuliza ulisema bado unaifanyia kazi.

Wakati wa kuvuna mahindi Mungu akamchukua. Wewe ulikuwa kwenye mitihani, na safari ya kutoka Dar unaijua; sikulaumu kwa kutofika. Nilikupigia kuomba picha ya kuweka mbele ya jeneza. Ukasema, "Mama, ipo, ila haionyeshi sura." Nilidhani ni kilio kimekuchanganya.

Tukachukua kitambulisho chake, tukakipeleka mjini kikakuzwe. Unaijua ile picha. Jicho moja limefumba, mdomo umekaza, kama mtu aliyeshikwa na kosa. Waombolezaji walipita wakiitazama, na mama mmoja aliyelima naye miaka mingi akaniinamia sikioni: "Dada, hii picha ni ya huyuhuyu wetu?" Mama yangu alizikwa, Neema, na watu wanauliza kama ni yeye.

Nilikupigia tena Jumapili hii niliyoiona picha kwenye kundi. Ukanieleza kwa upole sana, kama mwalimu. Ulipima mwanga wa nje kwa makusudi. ISO, ule wepesi wa kamera kunywa mwanga, ukaishusha mpaka mia moja; shata, ile kope yake, ukaifanya ya haraka, ili ndani kuwe giza. Viatu ukavikata kwa sababu vilikuwa vinavuta jicho. Mwanangu, vilipakwa mafuta ili vivute jicho.

Jumatatu nilikwenda kwa kijana mwenye studio karibu na soko. Aliitazama kwenye simu yangu akasema hii ndogo haisaidii, ila aliyeipiga akiwa na faili lile kubwa la kamera, giza linaweza kufunguliwa na uso ukatoka, hata kama utatoka na chengachenga. Nikakupigia palepale. Nikakuambia. Nawe ukanijibu, "Mama, nikiifungua naiharibu. Kazi yenyewe ni hicho kivuli."

Nimelala na jibu hilo siku tatu. Kazi ni kivuli. Mungu alimtengenezea mwanamke yule uso mmoja, hakuurudia kwa mtu mwingine tangu aumbe dunia, na mjukuu wake anasema uso ungeharibu kazi.

Sikuambii uache kusoma. Picha yako ibaki ukutani, waisifu, upate alama zako. Nakuombea kila alfajiri na sitaacha kwa sababu ya hasira. Lakini faili ni lile lile na halipungui likifunguliwa mara mbili. Moja ya mwalimu, moja yangu. Na kama mwalimu ana neno, mpe namba yangu.

Mjomba wako ameanza kujengea kaburi. Saruji imeshamwagwa, msalaba umesimama. Fundi alitaka kubandika ile ya kitambulisho amalize, nikamkatalia. Nimemwambia aache pale pa picha wazi, pembe nne, ukubwa wa daftari. Alinishangaa. Jana nilikwenda kusali rozari nikakuta mvua imetuama ndani ya lile shimo, nikayakausha maji kwa upindo wa kanga.

Nitaendelea kuyakausha mpaka utume.

Mimi mama yako, ambaye naye alikuwa mtoto wa mtu.