Pua ya Sultani

Ijumaa, Februari 2014. Al Thumama, Doha.

Leo kuna upepo wa baridi wenye vumbi, dirisha limefungwa, na mimi nimeridhika. Kwa kinyongo kidogo, lakini nimeridhika.

Nilisema mimi. Tangu siku ya kwanza nilisema.

Sultani ni kasuku mdogo, wale wa kijani na njano wanaoenea kiganjani. Mke wangu Zuhura alimnunua sokoni mwaka jana, na muuzaji akala kiapo kwamba ni dume kwa kuwa pua yake ni ya buluu. Nikamwambia Zuhura amsogeze kwenye mwanga. Ile nyama iliyo juu ya mdomo, kwa dume aliyekomaa huwa buluu tupu, kama imepakwa rangi. Ya Sultani ilikuwa buluu iliyochujuka, kama shati la sare lililofuliwa sana, na kila tundu la pua limezungukwa na pete nyeupe. Huyo ni jike. Mwenye kubahatisha tu hupatia nusu. Muuzaji alibahatisha akakosa, tena kwa kiapo.

Nani alinisikia? Muuzaji, Zuhura na jirani yetu Akinyi: watatu kwa mmoja. Utadhani pua hupigiwa kura. Niliingia mji huu na begi moja, nikaosha magari ya watu, leo nasimamia madereva kumi na wawili na hakuna hesabu yao inayonipita. Nyumbani kwangu siaminiwi hata kwa pua.

Na Kiswahili chetu kinawabeba wanaokosea. Amekula, amelala, amechafua: mwaka mzima unamsema ndege bila kulazimika kutaja kama ni wa kike au wa kiume.

Wiki hii tumelazimika. Akinyi ni Mkenya, mlinzi wa hoteli moja kule kisiwani Pearl, na mkataba wake umekwisha. Kesho anarudi Kisumu. Ana kasuku wake, Malaika, jike asiye na ubishi kwa sababu ameshataga. Alitaka kutuachia akae na Sultani. Dume na jike huelewana. Majike wawili ndani ya kizimba kimoja wanaweza kudonoana mpaka damu. Ikishindikana, Malaika arudi sokoni, kule wanakobanana kama abiria wa bure.

"Shem, hiyo ndege yenu ni jamaa," Akinyi aliniambia. "Si uone venye inaringa! Wacha kuniharibia harusi."

Alicheka, kisha akamkuna Malaika kichwani kwa kidole kupitia waya.

Nakiri: hapo niliomba niwe nimekosea. Ningeweza kusema haya, ni dume, Akinyi aende kwao na moyo mweupe. Lakini damu ingemwagika hapa, yeye akiwa Kisumu akituomba picha.

Jana tukampeleka Sultani kwa daktari wa wanyama, Mmisri. Zuhura ndiye aliyeongea. Kiarabu alikipata kwa miaka ya kulea watoto wa watu. Daktari akamshika Sultani, akang'atwa, akamwambia msaidizi wake jambo haraka haraka. Nilidaka neno moja tu: hiya. Yaani yeye, wa kike. Kiarabu hakikupi pa kujificha.

"Umesikia?" nikanong'ona.

"Labda anausema mkono wake," Zuhura akajibu. "Kwa Kiarabu mkono nao ni wa kike."

Ubishi huo! Tukamwuliza daktari waziwazi. Jike.

Tukarudi nyumbani. Akinyi alitusubiri mlangoni, akatusoma nyuso, akasema, "Sawa tu. Nitampeleka soko kesho jioni." Akaingia chumbani kwake, hata kufunga mlango akasahau.

Kuwa sahihi hakujawahi kuniuma hivyo.

Chumba chetu kina dirisha moja. Jikoni moshi wa mafuta huwaua ndege hawa, na chini ya kiyoyozi ni baridi mno kwao. Dirishani kuna kizimba cha Sultani na meza yangu ya chai, pembe pekee niliyo nayo Doha hii ambayo ni yangu. Leo baada ya swala nikachukua utepe, nikapima. Vizimba viwili, na katikati nafasi isiyofikika kwa mdomo. Vinaenea, meza ikitoka.

Imetoka.

"Shem, na chai utakunywia wapi?"

"Nitasimama. Dereva akae, msimamizi asimame."

Akinyi akalia, akacheka, akanifundisha mara tatu jinsi Malaika anavyopenda mtama wake.

Sasa majike wawili wanatukanana kutoka kizimba hadi kizimba, na hakuna anayetokwa damu. Zuhura ameniletea chai. Hajasema kwamba nilikuwa sahihi, na nimemjua muda wa kutosha kutosubiri. Lakini alipomwekea ndege maji amemwita Bi Sultani, kwa sauti ya kunifikia hapa niliposimama.

Nidai zaidi ya hapo? Hapana. Chai ni ya moto, na alfajiri nina mtu wa kumfikisha uwanja wa ndege.