Galaksi Iliyosingiziwa Mlipuko

Machakos mjini,
Jumatano.

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe na mama, Mwaitu wangu, mko salama hapo Ekalakala, na kwamba goti lako limepata nafuu baada ya baridi kuisha. Mimi mwili uko sawa, moyo ndio hauko. Ningepiga simu, lakini ningelia ukose kunielewa, ndio nikaona niandike.

Nimekasirika, Baba, na niliyemkasirikia ni ndugu yako. Najua ni vibaya kumsema baba mdogo, tena huyu anayenifundisha chuoni, na ambaye unamchinjia mbuzi Jumamosi kwa kupata uprofesa. Lakini nimemezea mpaka nimeshindwa.

Unakumbuka nilikueleza kazi yetu. Nyota kubwa sana ikifa, wakati mwingine hutoa mlipuko wa miale ya gama, nasi hutafuta ulitokea galaksi gani, yaani kundi gani kubwa la nyota. Kwa kawaida huwa ni galaksi ndogo, yenye nyota changa na metali kidogo, jina tunaloziita elementi zote nzito. Zile kubwa zilizojaa metali ni nadra kutoa mlipuko kama huo. Sasa Baba mdogo Muthoka akapata mlipuko ulioonekana ubavuni mwa galaksi kubwa, kongwe, yenye metali tele. Akatangaza kwamba amepata jambo la kushangaza dunia. Mpaka gazeti likampiga picha.

Kumbe galaksi ile imesingiziwa. Mimi ndiye niliyepewa mwanga wa mlipuko niuchunguze, na alama za gesi ndani yake zinaonyesha ulitoka mbali, nyuma kabisa ya galaksi hiyo. Ni kama uone taa ya ng'ambo juu ya paa la jirani zetu kina Musili, useme Musili ndiye amewasha. Nikatazama tena picha za darubini, nikaona kigalaksi hafifu cha buluu. Nikakipima, kiko umbali uleule wa mlipuko. Makao yenyewe ni hayo, ya kawaida tu.

Nilimpelekea kwa heshima, nikidhani atashukuru. Akasema ni uchafu wa kamera. Nilipomwonyesha vipimo, akaniuliza tangu lini mtoto akamsahihisha mzazi, na kama nimesahau ni nani alinileta chuo. Akaviondoa vipimo vyangu kwenye makala aliyoipeleka kwa jarida la sayansi, lakini jina langu akaliacha palepale, la pili baada ya lake, ili uongo uwe wetu sote. Hayo ni madharau. Nilipolalamika alinishika bega, akasema polepole, "Nduku, ukweli wa nyota haulishi mtu. Nyamaza, sisi ni damu moja."

Damu moja! Wewe ulipokuwa ukiamua kesi za mipaka, ulimnyima binamu yako mwenyewe shamba kwa sababu halikuwa lake. Alikaa muda mrefu bila kutusalimia, na hukurudisha neno lako nyuma. Sijui huyu ndugu yako alilelewa boma gani.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Wiki jana niliwaandikia wahariri wa jarida, nikawatumia vipimo vyote na kuwaambia jina langu walitoe. Leo wamejibu kwamba wameisimamisha makala, na yeye pia wamemwandikia. Kwa hivyo Jumamosi atakuja kwako akijua ni mimi, na huenda hata huo uprofesa ukaanza kuulizwa maswali. Njia ya mwongo ni fupi, lakini najua aibu itakuwa ya boma zima.

Nisalimie Mwaitu, na shangazi Kasyoka umwambie ndengu zake zilifika, tunazila. Jumamosi nitakuja mapema, kabla ya wageni. Sherehe ni yako na ndugu ni wako. Ukiniambia nirudi Machakos, nitarudi bila neno. Ukiniambia nimpigie magoti nimwombe msamaha mbele ya watu, hilo sitaliweza, hata likitoka kinywani mwako.

Ni mimi binti yako,
Nduku