Hatamu Kwenye Msumari

Chumba cha nyuma,
karakana ya mjomba.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Baridi ya huko inakutendeaje? Na shemeji, mgongo umepoa? Sisi wazima, na mzima kuliko wote ni mimi. Mdogo wako ana bahati ya kujaza magunia! Hatamu inakatika mkononi, farasi anatimka, gari linapinduka, baba anatutoka, na mimi naangukia rundo la majani makavu, hata kifungo cha shati hakikuchomoka. Watu wanakuja kunishika mkono wapate baraka.

Mama anajikaza. Juzi alinipa funguo akasema, "Haya mwanangu, hatamu za nyumba hii sasa ni zako." Nikacheka, nikamwambia mimi hata serikali naiendesha. Halafu nikazirudisha funguo kimyakimya chini ya mto wake.

Sikujua neno linaweza kumfuata mtu. Nikifungua redio, kuna mwenyekiti ameshika hatamu za chama. Nikipita kwa mwalimu jirani, anamfokea mkewe kwamba ulimi wake hauna hatamu. Zamani ilikuwa mikanda miwili tu ya ngozi, kutoka mdomoni mwa farasi hadi kiganjani mwa baba.

Mjomba ndiye aliyeishona, unajua. Tangu msibani hajagusa sindano. Wateja anawarudisha: "Nendeni kwingine, mimi nimemuua shemeji yangu." Kila asubuhi anaitoa kwenye msumari, anaivuta, anainusa. Jana akaniuliza, "Mpwa wangu, ilipokatika, ililia au ilinyamaza?"

Nikasema ilinyamaza.

"Ngozi yangu hulia," akasema, akaitundika tena. Sasa hivi naisikia ikilia nyuma ya ukuta, na mjomba hayupo.

Nisalimie shemeji, na wale mapacha watundu, na shangazi. Mungu awafungulie kila mlango mnaougonga.

Wako akupendaye kuliko anavyojipenda, na hilo si jambo dogo,
Bingwa

Dada, bahasha nilishaifunga, nimeichana. Bahati ile ni uongo. Baba alinipa hatamu apate kusinzia kidogo. Nikaziachia, niwaonyeshe wasichana wa kiwanda cha sabuni kwamba farasi ananitii kwa mluzi tu. Watu walipomkimbilia baba, nikatoa kisu, kisha nikasugua ncha kwenye jiwe zionekane zimechakaa. Kesho namwambia mjomba. Nimekuandikia wewe kwanza nisipate pa kukimbilia. Hatamu haikukatika. Niliikata mimi.