Kiangazi Alichozaliwa Gaju

Beechmont,
Louisville, Kentucky.
Jumapili, 11 Januari 2026.

Mpendwa Yaya Delfina,

Bwana asifiwe sana, wewe uliyenitangulia tumboni mwa mama. Nakusalimu kwa jina la Yesu, na baada yake nakupa pole ya theluji, maana wazee ninaowatunza hawafungi televisheni na kila nikipita naiona Buffalo imefunikwa mpaka madirishani. Mgongo unaendeleaje? Dawa ya presha unakunywa, au unaiangalia tu? Na Salvatori je, bado anakataa kuvaa kofia? Mwambie shemeji yake amesema kiburi hakipashi masikio joto.

Sisi tuko. Sijui niongeze nini hapo. Tunakula, tunalala, tunakwenda kazini. Bado niko kwenye ile nyumba ya wazee, zamu ya asubuhi. Naosha, navisha, nalisha, nageuza. Juzi bibi mmoja niliyemtunza miaka mitatu alikata roho nimemshika mkono. Nikakunja shuka, nikanawa, nikaenda kula mkate wangu. Nilingoja machozi, hayakuja. Yaya, nimekufa ganzi. Huzuni naijua, na hii siyo. Ni kama mguu ulioukalia muda mrefu: unauona ni wako, lakini ukiufinya husikii.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hunifai. Kila nikigusa habari hii, mara mtandao wa Buffalo unaharibika, mara sufuria inaungua, mara mtu anabisha hodi. Bon. Karatasi haikatiki. Utaiacha mezani, utaikimbia, utarudi na kuikuta palepale.

Darasa langu la Jumamosi unalijua, nimekuchosha nalo vya kutosha. Tunakutana kule kanisani Shively, chumba cha chini, saa nne asubuhi. Aliyenitia katika jambo hili ni Jemutai, yule binti wa Kikenya anayesomea sheria Columbus na kupanga chumba karibu na chuo kikuu. Alikuja siku moja kuzungumza na vijana wetu, akakuta wanajua majina ya wachezaji wote wa mpira wa kikapu lakini hawajui diwani wao ni nani. Akaniambia, "Auntie, na wewe ni mwalimu, mbona umekaa tu?" Akaniachia masomo yaliyopangwa vizuri, na kila mwezi alishuka na basi kuja kuona kama nafundisha sawa. Mtoto mdogo kunikagua mimi! Lakini nilifurahi.

Nilifundisha haki za binadamu kama nilivyofundisha kuzidisha kule Uvira, moja moja, kwa kurudia mpaka waimbe. Haki ya kusema. Haki ya kukusanyika. Haki ya kila mtoto kuandikishwa anapozaliwa. Hiyo ya mwisho niliipitia dakika tano tu, nikaona hapa haina kazi. Tukaingia kwenye kushiriki, yaani namna ya kusimama mbele ya baraza la jiji na kusema dakika tatu bila kutazama viatu. Unajua tulivyowalea, kumkazia mkubwa macho ni kukosa adabu. Kuinua tu vichwa kulituchukua wiki sita.

Wa kwanza kuinua kichwa alikuwa Gaju, binti wa mdogo wetu Rugaba. Alisimama mbele ya madiwani akaomba kibanda kwenye kituo cha basi ambapo mama zetu husubiri alfajiri wakienda kazini. Alisema mvua haiulizi mtu ametoka nchi gani. Kibanda kimejengwa, Yaya. Nimekaa ndani yake.

Sasa sikiliza tulipokosea. Rugaba aliapa uraia Aprili 2024, unakumbuka ulimtumia tai. Sheria ya hapa inasema mtoto ambaye hajatimiza miaka kumi na minane, anayeishi na mzazi wake na ana karatasi za ukaazi, anakuwa raia mzazi akishaapa. Nyumbani sote tunajua kwamba Gaju alizaliwa kiangazi. Kwa hiyo Aprili ile alikuwa bado na kumi na saba, akawa raia pamoja na baba yake. Nilisema hivyo darasani, nikamtolea mfano yeye. Kiangazi kikapita, akatimiza kumi na minane, nikamsaidia kujaza fomu ya wapiga kura, mimi mwenyewe nikiishikilia karatasi isipeperuke. Novemba akapiga kura. Ile picha uliyoibandika kwenye friji yako ni ya siku hiyo.

Hakuna hata mmoja wetu aliyetazama karatasi. Tulihesabu kwa hesabu ya nyumbani. Kwenye karatasi Gaju alizaliwa tarehe moja Januari 2006. Wewe pia tarehe moja Januari. Mimi pia, Rugaba pia, na nusu ya kanisa. Donc kwa karatasi, siku baba yake alipoinua mkono kuapa, Gaju alikuwa ameshavuka kumi na minane kwa miezi mitatu na kitu. Kwa karatasi yeye si raia. Na kwa karatasi, mgeni amepiga kura.

Tulijua Septemba iliyopita, alipoomba pasipoti ili asafiri na wenzake wa chuo. Badala ya pasipoti ikaja barua ya maswali. Wakili tuliyetafutiwa na Jemutai alituambia bila kuzunguka kwamba mtu asiye raia akipiga kura anaweza kuondolewa nchini. Aondolewe aende wapi? Kijiji alichozaliwa kilichomwa, wewe unajua kuliko mimi. Ameitwa ofisini tarehe 26 Februari.

Jemutai alilia kwenye simu. Alisema ni yeye aliyeleta masomo. Nikamwambia, "Wewe futa machozi, una mtihani wiki ijayo." Nilimbembeleza nusu saa nzima, na mimi mwenyewe sikuhisi chochote. Nilikuwa natazama tu ukuta wa jikoni, napanga kichwani kesho nitaosha nani kwanza.

Rugaba hajanilaumu. Angenilaumu ingekuwa afadhali. Anatoka kazini kule ghalani, anavua viatu, ananiuliza kama nimekula.

Mzee Nshombo wa kanisani yeye amelaumu kwa niaba ya wote. Alisimama baada ya ibada akasema alituonya: mambo ya serikali yaachiwe serikali, na mtoto wa mkimbizi apite pembeni. Akawatoa watoto wake watatu darasani, na wazazi wengine wakamfuata. Tulikuwa ishirini na wawili. Jana walikuja watano, na Gaju mmoja wao. Anakaa kiti cha mbele kama zamani. Hata alinisahihisha ubaoni, nilikuwa nimeruka neno.

Nilitaka kumjibu Nshombo, unajua ulimi wangu. Lakini nilichukua koti langu, nikatoka nje. Maana kama ni kweli niliyofundisha, mbona yamemfikisha mtoto hapa? Na kama si kweli, kile kibanda kilijengwa na nani? Nimezunguka hapo wiki nyingi, nimechoka.

Siku ya Mwaka Mpya tulikata keki kanisani kama kawaida yetu, sisi sote wa tarehe moja Januari tukisimama mbele kuimbiwa. Mwaka huu tulikuwa thelathini na wanne. Wewe mwenyewe ulipokuja mwaka ule ulicheka mpaka ukakaa chini. Safari hii Gaju hakusimama. Watoto wakamwita, akawajibu kwa Kiingereza kwamba hiyo si siku yake. Wakaendelea kuimba.

Bon, nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata Rugaba. Wewe ulikuwa umelazwa hospitalini siku ile tulipoandikishwa kambini Burundi. Niliyesimama mezani ni mimi, Gaju nikiwa nimembeba mgongoni, analia. Karani aliniuliza tarehe ya kuzaliwa. Nikasema kiangazi, mwaka 2006. Akasema kiangazi si tarehe, anataka siku na mwezi. Nyuma yangu watu walikuwa wanasukumana, jua kali, na nilitaka tu ile kadi ya chakula. Nikamwambia, "Andika yoyote." Akaandika ile anayowaandikia wote. Nikasema asante, Yaya. Nilimshukuru yule mtu.

Kwa hiyo mwalimu wa haki ndiye aliyeitupa haki ya huyu mtoto, kwa maneno mawili. Nikifikiri hivyo najua kwamba ningepaswa kuumia. Najua tu, siumii.

Sasa ombi langu. Wakili anataka maneno ya mtu aliyekuwepo Gaju anazaliwa, yaliyoandikwa na kutiwa sahihi kwa kiapo. Rugaba hana shaka kwamba ilikuwa kiangazi, kwa sababu alikuwa ameshusha ng'ombe bondeni kutafuta majani, na masika hatukuwa tunashusha ng'ombe. Lakini hakuwepo. Mimi nilikuwa chuoni Uvira, nilifika siku ya tisa, nikakuta mmeshamzika mama yake, Esperansi. Ndani ya ile nyumba mlikuwa watatu tu, Esperansi, mtoto, na wewe uliyempokea.

Karibu miaka ishirini hujasema neno juu ya siku ile. Mtu akilitaja jina la Esperansi unaamka kwenda kuangalia moto, hata Buffalo ambako moto ni wa kubonyeza. Sijawahi kukuuliza. Nilidhani kutokuuliza ndiyo heshima, sasa naona labda ulikuwa woga wangu tu. Wewe ndiye uliyekuwa unawaambia wanawake waliokuonea haya ulipowazalisha, "Mficha uchi hazai." Leo nakurudishia neno lako, na usinikasirikie.

Kaa na kijana wako Mucyo jioni moja, wewe sema, yeye aandike. Ilikuwa mwezi gani, ulijuaje. Viazi vilikuwa vimeshatolewa? Mkutano mkubwa wa kanisa ulikuwa umepita au bado? Nani alikuja kuchimba kaburi, na ardhi ilikuwa ngumu au laini? Kama kuna mwingine aliyekuja asubuhi yake na bado yuko hai, mtaje. Kisha Mucyo akupeleke benki au popote penye mtu wa muhuri, utie sahihi mbele yake. Jemutai atatafuta wa kuitafsiri. Naomba itufikie kabla ya tarehe 15 Februari.

Lakini usiandike ninachotaka mimi. Kama haikuwa kiangazi, kama sote tumejidanganya, andika hivyo hivyo, tutajua pa kusimama. Tarehe yoyote tulishaandika mara moja.

Na kama huwezi, nitakuelewa. Ila niambie mapema kwamba huwezi. Usinyamaze tu, nakuomba, kwa sababu kunyamaza kwako nako kutasomwa siku ile ofisini.

Nisalimie Salvatori na masikio yake. Msalimie Mucyo, mwambie gari lake akilifuta theluji alifute lote, siyo kidirisha cha kuchungulia. Rugaba anakusalimu, na Jemutai anakusalimu kutoka Columbus, anasema akimaliza mitihani atakuja kula isombe yako. Hata Nshombo nakufikishia salamu zake, maana tukiacha kusalimiana tutabaki na nini?

Gaju hajatuma salamu. Nilimwambia leo baada ya kanisa kwamba namwandikia shangazi yake wa Buffalo, nikamuuliza nikutumie neno gani kutoka kwake. Akaanza kuchezea zipu ya koti. Nilikuwa na uhakika atataka tarehe, au aniambie nikusihi kwa ajili ya makaratasi. Yaya, huyu mtoto mimi humsemesha Kiswahili akanijibu Kiingereza tangu ana miaka kumi. Leo alisema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu aliyejifunza sentensi usiku kucha.

"Tantine, mama aliniona?"

Nilimfunga zipu mpaka kidevuni, nikamwambia nitakuuliza wewe. Ule mguu wa ganzi niliokuambia sasa unachoma.

Wewe peke yako ndiye unayejua. Hilo lijibu kwanza, kabla ya tarehe.

Mungu akupe nguvu za kukumbuka, na ukishakumbuka akupe usingizi.

Mdogo wako akupendaye hata ukinyamaza,

Mukabutera