Betri Tatu za Karavani na Kijito cha Nyuma ya Nyumba

Jumamosi. Mvua asubuhi, ukungu mchana, na sasa mvua tena, Tukuyu ile ile. Naandika kwenye kibanda cha intaneti mjini, jenereta inanguruma nje, na nimelipia saa moja tu. Lakini nisipoandika leo nitapasuka.

Mume wangu ametengeneza umeme kwa maji tunayooshea masufuria.

Nianze mwanzo. Mwaka jana mama mmoja wa Kizungu, Mama Ingrid, alipita hapa akivuta karavani, yaani chumba kizima juu ya magurudumu: kitanda, jiko, bomba, taa. Gari lake likashindwa na milima yetu. Akaomba kuiacha karavani uani kwetu Bulyaga, na akampa mume wangu, Baba Lusajo, kazi moja, kuhakikisha betri tatu zilizo chini ya kitanda hazifi. Akirudi azikute zote hai, karavani itabaki kwetu, wageni wake wanaokuja kupanda mlima Ngosi watalala humo, na Baba Lusajo ataajiriwa kuitunza. Ikifa hata moja, ataivuta mpaka Mbeya kwa mtu mwingine.

Nyumba yetu haina umeme. Na Baba Lusajo hakuwa na kazi tangu kiwanda cha chai kipate mwenyewe mpya na mafundi umeme wapunguzwe. Nilimzoea akiwa amekaa mlangoni, anatazama migomba. Nakiri hapa, kwa sababu hasomi blogu: nilishaanza kumwonea haya.

Betri zile zilimzindua. Alizifungua waya zote ili kisiwepo kitu cha kuzinyonya polepole. Akazifuta, akapaka grisi kwenye vichwa vyake, akaziweka juu ya ubao. Kila baada ya wiki kadhaa alizipakia kwenye toroli akazipeleka Msasani, ya hapa hapa Tukuyu, kwa mtu wa kuchaji, kisha akazirudisha kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai.

Mwezi uliopita mama mkwe akaugua kule Suma. Baba Lusajo akaenda kumuuguza, akakaa wiki tatu.

"Mama Lusajo, betri usiziguse," aliniambia. "Zikae hivyo hivyo."

Nikazigusa.

Mimi nimekulia nyumba ambayo mawe ya redio yakichoka yanapashwa moto kando ya mafiga, asubuhi redio inaimba tena. Nikawaza, betri kubwa nayo ni jiwe, tena jiwe la kushiba. Nikachukua moja. Kila jioni iliwasha redio na taa ndogo ya kusahihishia madaftari ya darasa la tano. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule niliisogeza karibu na moto ipate nguvu. Nilijiona mjanja. Hata nikajiambia naifanyisha mazoezi, isije ikazeeka kwa kulala.

Wiki ya tatu redio ikakohoa, ikanyamaza. Nikaifuta masizi na kuirudisha chini ya kitanda cha karavani, nikanyamaza na mimi.

Jumapili iliyopita akarudi. Chai yake ikapoa mezani, yeye yuko kwenye karavani na kipimo chake, bomba la kioo linalovuta maji ya betri, na ndani yake kuna kijiti kinachoelea. Betri ikiwa nzima kijiti kinapanda. Betri mbili kilipanda. Ya tatu kikazama mpaka chini.

Akainama akainusa.

"Hii imekaa jikoni."

Nikamwambia yote, kwa haraka. Nilisubiri kelele, maana nilistahili. Mama Ingrid alikuwa anafika Jumamosi, na radi ilikuwa imeunguza mashine ya yule mtu wa Msasani.

"Ulisikiliza taarifa ya habari tu," akauliza, "au na michezo ya kuigiza?"

"Na michezo."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akachukua panga akashuka kijitoni nyuma ya nyumba.

Sikujua anakwenda kufanya nini. Jumatatu alileta altaneta ya lori bovu, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka. Jumanne akakata debe vipande vipande, akavifunga kwenye ringi ya baiskeli. Majirani wakapita wakamcheka. Nami nilikaribia kucheka, ila sikuwa na haki hiyo.

Jumatano nikitoka shule nikamkuta amesimama majini mpaka magoti, pale maji yanapodondoka kwenye jiwe. Ringi inazunguka, mkanda unazungusha altaneta. Akaniambia altaneta haiamki yenyewe, lazima kwanza ionjeshwe moto wa betri nyingine iliyo hai. Akagusisha waya. Mkanda ukalegea mara moja, ukakazika, na mlio ukabadilika.

"Sasa inakula," alisema.

Nilisimama kwenye matope na viatu vyangu vya kazi. Maji yale nimeyapita miaka yote, nimeyachota, nimeyatukana yanapojaa.  Betri ilikula siku tatu mfululizo. Jana jioni alivuta maji yake kwenye kioo, na kijiti kikapanda polepole, kikasimama sawa na kwenye zile mbili. Nililia mbele yake bila aibu.

Leo asubuhi Mama Ingrid amefika. Akawasha taa zote, akafungua bomba, pampu ikalia. Kisha akaona masizi yaliyobaki kwenye ile betri ya tatu.

"Moshi tu, mama," Baba Lusajo akasema. "Nyumba yetu ndogo."

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia Mama Ingrid ni mimi niliyeiua, na huyu ndiye aliyeifufua, nikampeleka kijitoni akaone mwenyewe. Alichutama akaitazama ringi ikizunguka. Halafu akamkabidhi Baba Lusajo funguo zake mwenyewe za karavani kwa mikono miwili, ibaki hapa kwetu.

"Ndaga fijo," Baba Lusajo akajibu. Asante sana. Kinyakyusa kilimtoka chenyewe, kwa mtu asiyekijua.

Nilipomuuliza ule ujuzi wa ringi na altaneta aliupata wapi, alishangaa. Alisema amekuwa nao kichwani tangu tulipohamia nyumba ile, siku ya kwanza aliposikia maji.

Miaka kumi na minne tunalala kitanda kimoja, tunasikiliza maji yale yale. Kwa nini sikuwahi kumuuliza anawaza nini?