Droni Juu ya Ua wa Harusi

Shikamoo Bibi Amne. Mshauri wetu mpendwa wa redioni, nakuomba uniokoe kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa nimeitwa kwa watu na sijui nikifika nitasema nini, hata kula sasa nakula kwa kulazimishwa na mama.

Mimi ni kijana wa hapahapa Tabora mjini, jina langu Thani, siku za kazi nipo dukani kwa mjomba wangu Abdulnasser tunauza vipuri vya baiskeli, wateja wetu wengi ni watu wa Sikonge wanaobeba asali na tumbaku kwa baiskeli, kwa hiyo duka halikosi kazi, ila moyo wangu Bibi haupo kwenye minyororo na pedeli. Mwaka jana dada yangu Khole aliyeolewa Maskati aliniletea droni, ile ndogo ya kawaida ambayo watu hununua kwa kujifurahisha, ina mapanga manne na kamera tumboni, unaiongoza kwa rimoti na picha unaiona kwenye simu, nikajifunza kuirusha kule Kwihara kwenye uwazi, nikahangaika na vibali mpaka nikavipata, nikaanza kuchukua kazi ndogo ndogo za Jumamosi na Jumapili, mara shamba la mtu Lusu, mara ng'ombe wa mtu Choma, mara harusi, watu wakapenda, nikaona hapa ipo riziki ya kweli, tena nimeshachumbia, mwanamume anayeoa hawezi kuwa kijana wa dukani kwa mjomba maisha yake yote.

Mchumba wangu ni Najiat, na bibi yake ni Bi Mwanamkuu, nyumba yao ni ile ya zamani yenye kuta ndefu na ua katikati, mtaa naomba usiutaje. Mwezi huu binamu yake Najiat aliolewa na harusi ikafanyika hapo kwa Bi Mwanamkuu, nami nikakodiwa na upande wa bwana harusi nipige picha za juu za msafara wa kumtoa msikitini kumleta kwa mkewe, dufu, watu, mtaa mzima, nikasema leo ndiyo siku wakwe zangu wataiona kazi yangu na wataacha kuniita yule wa baiskeli.

Msafara ulipokaribia nikataka picha moja ya kuwaziba watu mdomo, droni ianzie nyuma ya nyumba, ipande juu ya bati la jikoni, ivuke nyumba nzima itokeze mbele wakati bwana harusi anafika mlangoni, na kwa akili yangu ya wakati ule niliwaza ukuta, nikawaza waya wa umeme, nikawaza dishi la televisheni, sikuwaza ua. Ua, Bibi. Siku ya harusi, wanawake wote wamo uani wamevua mabuibui, bibi harusi anapambwa, hata mumewe mwenyewe hajaruhusiwa kumwona, na mimi nimepeleka kamera juu yao.

Kwenye simu niliona rangi rangi tu, nikashtuka, nikaigeuza simu kifudifudi kwenye paja, nikabonyeza kitufe cha kuirudisha droni, na wakati inarudi nikasikia kutoka ndani mayowe ya wanawake, na sufuria zinagongwa, na masinia, na ndoo, nikajua wameiona na wananilaani. Dufu likanyamaza. Saidi, kaka yake bwana harusi, akanifuata kule nyuma akaniuliza, "Kuna nini humo ndani?" nikamwambia sijui. Bwana harusi akasimamishwa mlangoni muda mrefu, kila akibisha anaambiwa "bado, subirini," nami najua moyoni kinachosubiriwa ni mimi, nikamwambia Saidi betri imekwisha, nikaondoka, hata pilau sikuonja.

Kadi ya picha nimeifunga kwenye leso, nimeiweka ndani ya kopo tupu la grisi dukani. Sijaitazama na sijaifuta, nikiitazama nitakuwa nimewaona wakwe zangu vichwa wazi, nikiifuta atakayenituhumu nitamjibu kwa ushahidi gani. Akina Saidi wanadai picha za msafara wao nawaambia kompyuta imeharibika. Na sasa Najiat kanitumia ujumbe, "Bibi anakutaka Ijumaa baada ya sala, anasema uje na hicho kidude chako." Nikampigia nikamuuliza kuna nini, akacheka, akasema, "We njoo tu, usichelewe." Kicheko kile Bibi kimenimaliza, naona kabisa droni itavunjwa mbele ya wazee na uchumba utavunjwa hapohapo.

Niiuze kabla ya Ijumaa? Nimtume mjomba akaniombee radhi? Au nimwambie dada anitafutie njia niende Maskati nisionekane tena? Nampenda Najiat, na kazi hii naipenda. Nisaidie.

Mjukuu wako, Thani.

*

Marahaba, Thani. Kaa chini. Kunywa maji kwanza, maana nitakugombeza na sitaki uzimie katikati.

Barua yako nimeomba nisomewe mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka anayenisomea akaniuliza kama nimepaliwa. Mimi kalamu sijawahi kuishika, lakini masikio ninayo, na siku hiyo ya harusi masikio haya yalikuwa uani kwa Bi Mwanamkuu. Ndiyo. Nilikuwemo. Nimekaa mkekani karibu na mlango wa jikoni, kichwa wazi, natunga asumini za bibi harusi.

Basi nikwambie yaliyotokea upande wetu wa ukuta. Tulisikia mlio unatoka nyuma ya jikoni, mlio mzito wa kuvuma, unakuja unapanda. Mtu wa Dar angetazama juu. Sisi watu wa Tabora tumekulia kwenye asali, na majira haya makundi ya nyuki yanahama. Mlio kama huo ukiwa juu ya paa, hutazami. Ni mimi niliyepiga kelele: "Nyuki hao, jifunikeni."

Kabla kidude chako hakijalivuka bati la jikoni, hapakuwa na kichwa kilichobaki wazi pale. Mwenye kanga kajigubika. Asiye na kanga kaingia chini ya mkeka na mwenzake. Bibi harusi tulimviringisha kwenye jamvi kama mtumba wa tumbaku unaopelekwa sokoni. Mimi nilijifunika ungo. Na wapishi ndio waliogonga sufuria na masinia, kwa sababu kundi la nyuki hupigiwa makelele lipite, lisitue. Hayo ndiyo uliyoyasikia. Hakuna aliyekulaani, mwanangu. Hakuna hata aliyekukumbuka kama upo duniani. Na hizo rangi rangi zako ni kanga na mikeka.

Bwana harusi je? Mkono wa bibi harusi ulikuwa na maua ya piko, ile rangi nyeusi, ambalo halijakauka, likapakaa lote kwenye jamvi. Ikabidi lichorwe upya. Binti analia, shangazi yake Shaima anamwambia, "Utalia baadaye, sasa usitikise mkono." Ndiyo maana alisimama mlangoni.

Umepumua? Haya. Sasa nisikilize vizuri.

Heshima ya wanawake wale hukuilinda wewe. Iliyoilinda ni hofu yetu ya nyuki. Kingekuwa kidude kisicho na sauti, leo nisingekuwa nacheka, ningekuwa nimeshakuja dukani kwa mjomba wako na fimbo. Umewaza ukuta, umewaza waya, umewaza dishi, usiwaze watu. Kuta zile wazee walizijenga wakati misafara inapita hapa na watu wa kila nchi, mizigo mabegani, na hakuna mpita njia aliyewahi kutuchungulia. Haikumwingia mtu akilini kwamba siku moja mkwe atakuja kwa juu.

Hilo kosa moja, na nakubali kwamba hukukusudia. Simu uliigeuza, kadi hukuifungua. Hapo nimekuona una adabu, na aliyekulea kafanya kazi. Lakini kosa la pili umelikusudia, nalo ni kukimbia. Umekimbia mpaka pilau, na pilau ile ilikuwa ya mbuzi aliyetoka Choma.

Unajua kukimbia kwako kumefanya nini? Mlio wako ulikuja, ukarudi nyuma ya jikoni, ukakatika. Sisi tukasema wametua. Wameingia darini. Tangu siku hiyo Bi Mwanamkuu halali chumbani kwake. Bibi wa watu na magoti yake mabovu analala kwa jirani, chumba kimefungwa, nyufa zimezibwa kwa matambara. Akaitwa Alois, mrina asali wa Sikonge, akaja na moshi wake, kapanda, kashuka, akasema, "Mama, humu hamna nyuki na hawakuwahi kuwamo." Bi Mwanamkuu akamjibu, "Nimesikia kwa masikio yangu, au unasema nimeota?" Tukamwambia amezeeka, aache kazi. Kaondoka amenuna, na mtaani sasa anasemwa kwamba hawezi hata kuona nyuki. Mimi ni mmoja wa waliomsema. Yangu na Alois nitayamaliza mwenyewe. Wewe maliza yako.

Sasa umeelewa kwa nini unaitwa na kidude chako? Bi Mwanamkuu amesikia kina jicho. Anataka ukipitishe juu ya bati lake, kimwonyeshe nyuki wameingilia tundu gani. Mjukuu wangu, unaitwa ukajitafute mwenyewe. Na kicheko cha Najiat usikiogope: na wewe bibi yako angeita droni ikawinde nyuki, ungecheka.

Kwa hiyo hutauza kitu, hutamtuma mjomba, na Maskati hutakwenda. Ijumaa pia usiingoje. Kila usiku unaopita ni magoti ya Bi Mwanamkuu kwenye kitanda cha watu. Utakwenda leo. Jibu hili nimeagiza ulitumiwe kwenye simu kabla halijasomwa hewani, na litakaposomwa majina yote yatakuwa yamegeuzwa. Lakini mimi na Bi Mwanamkuu tunachota maji bomba moja. Nimejizuia kwenda kumwambia, nimejizuia kwa ajili yako tu, na uvumilivu wangu una mwisho. Mwisho wake ni adhana ya Magharibi.

Itoe kadi kwenye hilo kopo la grisi, ibadilishie leso safi, mpe Bi Mwanamkuu mkononi. Usiifungue. Usiifute. Ukiifuta wewe, watabaki na neno lako tu, na neno la mtu aliyekimbia harusini haliaminiki upesi. Wanawake wa nyumba ile wataitazama wenyewe, wataondoa picha wasizozitaka, watakurudishia msafara wako umpelekee Saidi. Na Saidi mwambie kompyuta haikuharibika. Na kwa Bi Mwanamkuu usiseme upepo uliisukuma droni. Sema, "Nilipitisha droni juu ya ua wenu bila kuomba, na nyuki mliowasikia ni mimi." Halafu nyamaza.

Ukitoka hapo, nenda kwa Alois. Kamwambie mbele ya watu wale wale wanaomsema kwamba alikuwa sahihi. Tena mtu huyo utamhitaji. Siku utakayopeleka kidude chako porini Sikonge kutazama mizinga ya watu, nyuki wa kweli watakifuata, na hapo sufuria hazitakusaidia. Muulize yeye kwanza wapi pa kupita.

Kuhusu kazi yenyewe, iendeleze. Ni kazi nzuri, na wewe unaipenda, nimeisikia kwenye barua yako. Baki kwa mjomba siku za kazi mpaka kazi ya pili iweze kukubeba peke yake. Ila kibali cha serikali kinakupa anga, ua hakikupi. Kila nyumba utakayokodiwa, kabla hujawasha chochote, ingia kwa adabu, mtafute mwanamke mkubwa wa nyumba, muulize nani yupo wapi na saa ngapi. Akisema juu ya ua usipite, hupiti. Na wanawake wakitaka picha za shughuli yao, rimoti ishikwe na mwanamke na kadi ibaki kwao. Mfundishe Najiat. Harusi za mji huu ni nyingi, na nusu ya kila moja iko ndani ya ukuta ambao wewe huruhusiwi. Yeye anaruhusiwa. Hilo hukuliwaza, ulikuwa unawaza Maskati.

Bi Mwanamkuu namjua. Kwanza atakutazama juu mpaka chini, na utaona umekwisha. Kisha atacheka mpaka aombe maji. Kisha atakutukana kidogo. Vumilia, ni matusi ya mkwe. Pengine atakupakulia chakula. Hicho kula.

Usirushe kitu leo. Nenda kwa miguu, simama mlangoni, piga hodi, ngoja uitikiwe. Na mkishamaliza kucheka, godoro lake liko kwa jirani. Libebe wewe mwenyewe, ulirudishe chumbani kwake.